Mwendo wa Mbele na Mwendo wa Kushuka: Habari ya Jiwe la Shinkolobwe

Tarehe 6 Agosti Kanisa laadhimisha sikukuu ya Kugeuka Sura kwa Bwana. Kwetu Likasi tarehe hiyo ina kumbukumbu nyingine pia. Siku hiyo, mwaka 1945, bomu la kwanza la atomiki liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima katika Japani, na madini yaliyotumika kwa kazi ile, kwa sehemu iliyo kubwa, yalitoka Shinkolobwe, kilometa 20 hivi tu kutoka mjini kwetu. Sikukuu moja, baada ya Misa, vijana wa mafundisho walibaki nasi chini ya mwembe, na mmoja wao akatuuliza: "Mwalimu, kama bomu lile liliunguza mji mzima, mbona halikuiunguza ndege iliyoliangusha?"

Kabla hatujafungua kinywa mwenzake alimjibu: "Ndege ilikuwa imekwisha kupita. Bomu liliangukia pale pale lilipoachiliwa, na ndege ikaenda zake." Wengine wote wakakubali. Mama mmoja aliyekuwa akingoja mwanawe akaitikia kwa kichwa.

Jibu hilo lapendeza, lakini si la kweli. Hatukuwacheka vijana wetu, kwa kuwa sisi wenyewe, tulipokuwa seminari ndogo, tulichora vivyo hivyo katika mtihani: ndege juu, na chini yake mstari mmoja ulionyoka kama uzi wa timazi mpaka ardhini. Mwalimu alitia alama nyekundu, wala hakueleza neno. Kosa lile tulitembea nalo muda mrefu. Baadaye tulipata faraja tuliposoma kwamba watu wenye akili kutuzidi walikosa namna hiyo hiyo kwa miaka karibu elfu mbili. Ndiyo habari tunayotaka kuisimulia hapa, maana bila hiyo swali la kijana yule halijibiki.

Tuanze na jambo ambalo wasomaji wengi wamekwisha kuliona njiani. Kijana yu juu ya lori lililosheheni mifuko ya makala. Mama yake amesimama kando ya barabara, na dereva hataki kusimama. Kijana auachilia mfuko mmoja. Ikiwa ni mara yake ya kwanza, atauachilia anapofika mbele ya mama yake barabara, na mfuko utaangukia mbali, mama akimbie kuufuata. Lakini kijana mzoevu huuachilia mapema, kabla hajamfikia. Hakuna aliyemfundisha fizikia, barabara imemfundisha. Ajua kwamba mfuko ukiisha kutoka mkononi haukomi kwenda mbele. Waenda mbele kwa mwendo ule ule wa lori, na papo hapo washuka.

Hapo kale wana-elimu hawakukubali jambo hilo. Aristoteli, yule Mgiriki mkuu, alifundisha kwamba kitu kizito chaanguka upesi kuliko kilicho chepesi, na kwamba kitu kilichorushwa huendelea kwenda kwa sababu hewa iliyo nyuma yake hukisukuma. Jina lake lilikuwa na uzito mkubwa hata watu wengi waliona afadhali kutoamini macho yao kuliko kumpinga. Aliyempinga waziwazi alikuwa Mkristo wa hapa Afrika, Yohane Filoponi wa Aleksandria katika Misri, aliyeishi katika karne ya 6. Alisema: Chukua vitu viwili, kimoja kizito sana kuliko kingine, uviachilie pamoja kutoka juu, utaona kwamba tofauti ya muda wao ni ndogo mno. Akasema tena kwamba si hewa inayosukuma jiwe, bali mkono wa mrushaji umetia nguvu ndani ya jiwe lenyewe. Hakupata jibu lote, lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Miaka mingi ikapita. Katika karne ya 14 Yohane Buridan, kleri aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Paris mara mbili, alilishika neno lile la nguvu iliyotiwa ndani ya kitu na kulieleza vizuri zaidi. Baada yake akaja Alberto wa Saksonia, ambaye mwaka 1366 alifanywa Askofu wa Halberstadt. Huyu alisema kwamba kitu kilichorushwa kina safari tatu: kwanza chaenda moja kwa moja kwa nguvu ya mrushaji, halafu nguvu ile yachoka na kitu chaanza kupinda, mwisho uzito washinda na kitu chaanguka wima. Wapiga mizinga waliipenda sana picha hiyo. Hata Tartaglia, Mwitalia aliyetoa kitabu juu ya mizinga mwaka 1537, aliichora namna hiyo, ingawa alijua kwamba risasi hufika mbali zaidi mzinga ukiinuliwa nusu ya pembe mraba, yaani digrii 45. Miaka tisa baadaye alikiri kwamba njia ya risasi imepinda yote, tangu mdomo wa mzinga mpaka mwisho.

Kosa la picha ile ya safari tatu ni kudhani kwamba miendo miwili hugombana kama majogoo wawili, mmoja hauwezi kutawala mpaka mwingine umeshindwa. Galileo ndiye aliyeona kwamba haigombani kamwe.

Galileo alizaliwa Pisa mwaka 1564, akafundisha Padua miaka 18. Kuanguka ni jambo la upesi mno, na saa za wakati ule hazikuweza kulipima. Kwa hiyo alibingirisha mipira midogo juu ya ubao ulioinamishwa, ili mwendo upungue, akapima muda kwa maji yaliyochuruzika katika chombo. Akaona utaratibu wa ajabu. Kama katika kipande cha kwanza cha muda mpira umepita hatua 1, katika kipande cha pili wapita hatua 3, cha tatu 5, cha nne 7. Leo twaweza kuandika hivi kwa kitu kinachoanguka: katika sekunde ya kwanza chashuka meta 5 hivi, zikiisha sekunde mbili kimeshuka meta 20, zikiisha tatu, meta 45, zikiisha nne, meta 80. Mwenye haraka asiruke hesabu hiyo, maana tutairudia tukifika Hiroshima.

Kisha Galileo aliuacha mpira utoke pembeni mwa meza na kuruka. Sasa una kazi mbili. Ile ya kwenda mbele haibadiliki: sekunde hii sawa na sekunde iliyopita. Ile ya kushuka yaongezeka kwa utaratibu ule ule wa 1, 3, 5, 7, kana kwamba mpira haukusukumwa mbele hata kidogo. Ukiweka alama mahali mpira ulipo kila baada ya muda sawa, na kuunganisha alama hizo, wapata mstari mzuri unaopinda, nao huitwa parabola. Aliuchapisha kwanza rafiki yake Bonaventura Cavalieri, mtawa, mwaka 1632, na Galileo alikasirika sana kuona mwingine ametangulia kutoa matunda ya shamba lake. Kitabu chake mwenyewe kilitoka Leiden mwaka 1638. Wakati ule alikuwa mzee kipofu, amefungiwa nyumbani kwake kwa hukumu ya mwaka 1633.

Juu ya hukumu hiyo hatutaki kupita kimya kana kwamba haituhusu. Alihukumiwa kwa kufundisha kwamba dunia yazunguka jua. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri mbele ya Chuo cha Kipapa cha Sayansi kwamba wanateolojia wa zamani zile walikosea. Na ugomvi ule una uhusiano na habari yetu. Wapinzani walisema: Kama dunia inakwenda, jiwe lililoachiliwa kutoka juu ya mnara lingeachwa nyuma. Ni jibu lile lile la kijana wetu chini ya mwembe! Galileo aliwajibu kwa mfano wa merikebu: jiwe likiachiliwa kutoka juu ya mlingoti merikebu ikiwa inakwenda, litaanguka chini ya mlingoti, halitaachwa nyuma.

Padri Petro Gassendi, Mfaransa, hakutaka kubaki na maneno matupu. Mwaka 1640, huko Marseille, alipanda merikebu iliyovutwa kwa makasia, ikaenda mbio, na mawe yakaachiliwa kutoka juu ya mlingoti. Yote yakaanguka mguuni pa mlingoti. Anayesafiri kwa gari moshi aweza kujaribu leo kwa embe: likimtoka mkononi laanguka karibu na kiatu chake, wala haliruki nyuma kumpiga abiria mwingine.

Zaidi ya wote twampenda Padri Riccioli, Mjesuiti wa Bologna. Alitaka kujua hasa kitu chaanguka kwa muda gani kutoka mnara mrefu wa Asinelli. Lakini saa hakuwa nayo ya kutosha. Basi alifunga uzito kwenye kamba uwe unapembea, naye na wenzake Wajesuiti wakahesabu pembea moja moja usiku na mchana, saa 24, ili wajue pembea moja ni sehemu gani ya siku. Fikirini mapadri wale, macho mekundu, mmoja ahesabu na mwingine amngojea zamu! Ndipo wakapanda mnarani na mipira yao. Riccioli alitumaini kwamba angemkuta Galileo na kosa. Alimkuta na haki, na mwaka 1651 aliandika hivyo wazi katika kitabu chake kikubwa. Sifa hiyo ni kubwa kuliko ile ya hesabu.

Chini ya mwembe hatukuwa na mnara. Tuliingia darasani tukaweka vijiwe viwili pembeni mwa meza. Kwa rula moja tulikipiga kimoja kiruke mbele kwa nguvu, na kwa pigo lilo hilo kingine kikasukumwa kidogo tu na kuanguka chini wima. Tuliwaambia vijana wafumbe macho wasikilize sakafu. Tak! Sauti moja. Wakataka turudie, tukarudia mara sita, na mara ile ya mwisho kijiwe kiliruka nje ya dirisha. Kilichoenda mbali na kilichoanguka hapa hapa hufika chini pamoja, kwa sababu kwenda mbele hakupunguzi wala hakuongezi kushuka.

Sasa tuje kwenye jiwe la kwetu. Madini ya Shinkolobwe yaligunduliwa mwaka 1915 na Mwingereza Robert Sharp, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya Union Minière. Kwanza yalitakiwa kwa ajili ya radiamu, dawa ya ghali iliyotumika kutibu kansa. Mawe yalisafirishwa mpaka Ubelgiji, na huko yakasafishwa. Urani yenyewe ilihesabiwa karibu kuwa takataka. Vita ilipoingia, mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, mwaka 1940 alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, yakawekwa ghalani katika kisiwa cha Staten. Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alikwenda ofisini kwake kuomba urani, akakuta kwamba iko tayari karibu naye. Kisha mgodi wetu uliokuwa umefungwa na kujaa maji ukafunguliwa tena kwa siri. Mawe yalikuwa na utajiri usiopatikana mahali pengine duniani: mengine zaidi ya nusu ya uzito wake ilikuwa oksidi ya urani. Wachimbaji wa Katanga waliyachimba na kuyachagua kwa mikono. Hawakuambiwa ni ya kazi gani.

Bomu la Hiroshima lilikuwa na urefu wa meta 3 na uzito wa kilo 4,400 hivi; urani iliyochujwa ndani yake ilikuwa kilo 64 tu. Lilibebwa na ndege iliyoitwa Enola Gay, rubani wake Paul Tibbets. Saa mbili na robo asubuhi, kwa saa za Japani, liliachiliwa kutoka kimo cha meta 9,470 hivi, nalo likapasuka likiwa limebakiza meta 580 juu ya mji. Basi lilishuka meta 8,890. Tuliiandika hesabu ubaoni kwa kanuni ya Galileo na vijana wakaifanya: sekunde 42 na nusu, kupita kidogo. Muda halisi ulikuwa sekunde 44 hivi. Zile sekunde moja na nusu ni kazi ya hewa, ambayo Galileo alijua kwamba huzuia, akaiacha kando kwanza ili aone jambo lenyewe.

Hapo darasa lilinyamaza. Vijiwe vyetu na bomu lile, kanuni ni moja.

Na mwendo wa mbele je? Ndege ilikwenda zaidi ya kilometa 500 kwa saa, yaani karibu meta 140 kila sekunde. Bomu lilipotoka tumboni mwake lilikuwa na mwendo huo huo, likaendelea nao. Zidisha 140 kwa 43: ni karibu kilometa 6, ingawa hewa ilipunguza kidogo. Kwa hiyo yule aliyeachilia bomu, Thomas Ferebee, hakuliachilia juu ya mji. Aliliachilia mapema, kama kijana wa makala. Na katika muda wote ule bomu halikubaki nyuma. Lilikwenda chini ya ndege, likiifuata kama kivuli, likishuka. Kama Tibbets angeenda moja kwa moja, wakati wa mlipuko angekuwa karibu juu yake kabisa, kimo cha kilometa 9 hivi tu, na yeye na wenzake wasingepona.

Ndilo jibu la swali la kijana. Ndege haikupona kwa sababu ilikuwa imekwisha kupita. Ilipona kwa sababu Tibbets alijua kwamba haijapita. Mara bomu lilipotoka aliigeuza ndege kwa nguvu, zaidi ya digrii 150, karibu kurudi alikotoka. Miendo ile miwili iliyokuwa pamoja sasa ikaachana: bomu likaendelea mbele, ndege ikarudi nyuma. Mshindo ulipoifikia ilikuwa mbali karibu kilometa 18, ikatikiswa sana, lakini haikuvunjika.

Kijana aliyejibu kwanza alitazama ubao muda mrefu, akasema, "Basi walihesabu kila kitu." Tukamwambia, la, si kila kitu. Walilenga daraja la Aioi, lenye umbo la herufi T. Upepo uliovuma kwa upande ulilisogeza bomu, likapasuka meta 240 hivi kando ya daraja, juu ya hospitali ya daktari Shima. Waliokuwamo hospitalini asubuhi ile wote walikufa. Meta 240 ni kama kutoka mlango wa kanisa mpaka sokoni. Mpaka mwisho wa mwaka ule, kwa makadirio ya mji wenyewe, waliokufa Hiroshima walikuwa watu 140,000 hivi.

Nje kidogo ya mji, huko Nagatsuka, ilikuwako nyumba ya malezi ya Wajesuiti, na mkuu wake alikuwa Padri Petro Arrupe, Mbaskoni, ambaye baadaye, mwaka 1965, alichaguliwa kuwa mkuu wa shirika zima. Kabla ya kuingia utawani alikuwa amesomea udaktari Madrid. Nyumba ilitikisika, milango na madirisha yakavunjika, lakini ilisimama. Majeruhi walipoanza kufika kwa miguu aliifanya hospitali, akawatibu zaidi ya mia moja hamsini kwa dawa chache alizokuwa nazo, wala hakujua bado ni silaha gani iliyowaunguza namna ile.

Tulipofika hapo, msichana mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hakuwa amesema neno tangu mwanzo, aliuliza: "Mwalimu, na waliochimba Shinkolobwe, walipata habari lini?"

Kwa swali hilo hatukuwa na kanuni ya kuandika ubaoni. Tulimweleza yanayojulikana. Mgodi uliendelea kuchimbwa mpaka karibu na uhuru. Mwaka 1960 ulifungwa, mashimo yakazibwa kwa saruji. Mji wetu, uliokuwa ukiitwa Jadotville, ukapata jina lake la Likasi mwaka 1966. Baadaye watu wenye njaa ya kazi walirudi kule na majembe na sululu kutafuta kobalti, mpaka serikali ilipotoa amri ya kupafunga mwaka 2004. Na mwaka huo huo shimo liliwaporomokea wachimbaji, wengine wakafa humo. Msichana akatuambia kwamba babu yake alifanya kazi kule, na kwamba kila mara alipoulizwa alisema tu kwamba mawe yalikuwa mazito.

Saa ya chakula ilikuwa imepita. Tulifuta ubao, lakini vijana waliomba tuwaachie ile rula, na tulipokuwa tukishuka ngazi tulisikia nyuma yetu: tak, tak, tak.